Kiti cha Mwisho cha Benchi: Mrithi, Chipukizi au Majeruhi?

"Kaka, hapa nimchukue nani?"

Niliulizwa swali hili usiku wa manane kwenye kantini ya kazini, hapa Minnesota. Aliyeniuliza ni kijana wa Mombasa ambaye hajamaliza miaka miwili nchini, na ndiyo kwanza alikuwa ameingia ligi ya fantasi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, pamoja na wenzetu wa zamu: unachagua wachezaji wa kweli na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Kikosi chake kilikuwa kimekamilika, kimebaki kiti kimoja tu cha benchi. Simu yake ilikuwa inaonyesha wabeba mpira watatu ambao hawajachukuliwa na mtu. Wa kwanza ni msaidizi wa nyota mkubwa. Wa pili ni chipukizi aliyetoka chuoni, yuko kwenye timu inayogawa mpira kati yake na mkongwe mmoja. Wa tatu alipasuliwa goti na anatarajiwa kurudi Novemba.

Mapumziko yalikuwa yameisha, nikamjibu kwa maneno mawili matatu tukarudi kazini. Swali lake lilistahili zaidi ya hapo, kwa sababu wengi hushinda au kupoteza ligi kwenye kiti hichohicho cha mwisho.

Wengi wetu tumelelewa na fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na tunaingia huku na tabia za kule. Kule watu mamilioni wanaweza kuwa na nyota mmoja yuleyule, na mchezaji wa benchi ni mtu wa bei ya chini unayemweka ili pesa ziende kwa wengine. Huku kila mchezaji ana mwenyewe mmoja katika ligi. Ukimchukua, wenzako kumi na mmoja hawampati mpaka umwachie. Kwa hiyo benchi ni ghala: unaweka leo kitu ambacho jirani atakihitaji wiki ya kumi, naye akija atakuta mlango umefungwa.

Na hakuna nafasi yenye njaa kama ya raningibeki, yule anayekabidhiwa mpira na kwotabeki, mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, kisha akakimbia nao katikati ya miili ya watu wenye kilo mia na zaidi. Nitamwita mbeba mpira. Katika ligi ya watu 12, kila mmoja anapanga wabeba mpira wawili, na mara nyingi anaongeza wa tatu kwenye ile nafasi huria, isiyofungwa kwa aina moja ya mchezaji. Hapo kila Jumapili wanahitajika kati ya 24 na 36. NFL ina timu 32, na nyingi kati yake hazimpi mtu mmoja kazi yote. Kisha wanaumia. Hesabu haitoshi, na haitatosha mpaka msimu uishe. Katika ligi za kawaida kila yadi 10 za kukimbia ni pointi 1 na tachidauni, yaani kufikisha mpira eneo la goli la wapinzani, ni pointi 6, kwa hiyo mtu asiyejulikana akipewa mpira mara ishirini tayari ana thamani, hata kama si fundi.

Ndiyo maana kwa wale watatu sikumwuliza kijana yule nani ana kipaji. Wote wana vipaji, la sivyo wasingekuwa NFL. Nilimwuliza: ni jambo gani lazima litokee ili huyu apewe mpira?

Mrithi

Kwa msaidizi wa nyota jibu ni jepesi: nyota aumie. Likitokea, zawadi ni kubwa kuliko ya mwingine yeyote, kwa sababu anarithi kazi nzima katika timu ambayo tayari inajua kukimbiza mpira.

Mfano ninaoupenda ni wa San Francisco. Christian McCaffrey ndiye aliyeongoza ligi kwa yadi za kukimbia mwaka 2023, yadi 1,459, na msimu wa 2024 ulipoanza wengi walimchukua wa kwanza kabisa. Jumatatu ya Septemba 9, muda mfupi kabla ya mechi na Jets, ikatangazwa kwamba hachezi. Akaingia Jordan Mason, ambaye mwaka 2022 timu zote zilimpita kwenye uteuzi wa vijana wa vyuo bila hata moja kumtaja. Alibeba mpira mara 28, yadi 147, tachidauni 1. Hizo ni pointi 20.7 kutoka kwa mtu ambaye katika ligi nyingi alikuwa bado anapatikana bure asubuhi ya siku hiyo. McCaffrey hakurudi mpaka Novemba.

Lakini ukisikia hadithi ya Mason, sikiliza na ya mwaka 2018. Todd Gurley wa Rams ya Los Angeles alikuwa mbeba mpira bora wa fantasi, na goti lake likaanza kusumbua Desemba, wakati wa mtoano wa fantasi. Msaidizi wake, Malcolm Brown, alikuwa ameshaumia mfupa wa mtulinga. Waliojiona wajanja wakamkimbilia John Kelly, chipukizi aliyefuata kwenye orodha. Desemba 18 Rams wakamsajili C.J. Anderson, aliyekuwa ameachwa na Carolina mwezi mmoja tu nyuma. Siku tano baadaye Anderson akakimbia yadi 167 dhidi ya Arizona, na wiki iliyofuata yadi 132. Kelly aliyekaa benchini kwa watu akabaki benchini kwa Rams pia.

Jambo hilohilo lilijirudia Kansas City mwaka 2024. Isiah Pacheco alivunjika mguu wiki ya 2, na soko lote likamkimbilia Carson Steele. Steele alianza wiki ya 3, wiki ya 4 akadondosha mpira mapema, na Kareem Hunt, aliyekuwa amerudishwa kupitia kikosi cha mazoezi, akachukua kazi. Hunt alimaliza msimu na yadi 728 na tachidauni 7 za kukimbia.

Kwa hiyo mrithi anahitaji mambo mawili yatokee, na watu huhesabu moja tu. Nyota aumie, halafu kocha akubali kwamba huyu uliyemweka ndiye mrithi kweli. Kabla sijamfungia mtu nafasi ya urithi, nataka kuona amecheza peke yake bila mwenzake wa tatu kumvizia. Septemba ile San Francisco palikuwa pamesafishika: Elijah Mitchell, ambaye miaka ya nyuma ndiye aliyetazamwa kama msaidizi, alikuwa ameshaondolewa kwa majeraha mwezi Agosti. Mason alikuwa amebaki peke yake mlangoni, na jambo hilo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyesoma orodha ya majeruhi.

Sisi wa Minnesota tuna somo letu wenyewe. Kwa miaka minne Alexander Mattison alikuwa mrithi wa Dalvin Cook, na kila Cook alipokosa mechi, Mattison alijaza pengo vizuri mno hata tukaamini akipewa kazi yote atakuwa nyota. Mwaka 2023 Vikings wakamwacha Cook, Mattison akapewa. Alibeba mpira mara 180, akapata yadi 700, na hakufunga hata tachidauni moja ya kukimbia. Mrithi ni wa kuziba pengo la wiki mbili, tatu, tano. Anapopandishwa na kuwa mfalme, mbadilishe haraka kwa mchezaji wa mwenzako anayemwamini kuliko wewe.

Chipukizi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na sitaficha. Chipukizi hahitaji mtu aumie. Anahitaji kocha amwamini, na imani ya kocha huonekana wiki kadhaa kabla ya pointi kuonekana, kwa yule anayetazama.

Mwaka 2024 Tampa Bay walimchukua Bucky Irving kutoka chuo cha Oregon katika raundi ya 4 ya uteuzi, mtu wa 125. Mbele yake alikuwepo Rachaad White, ambaye watu walimchukua mapema kwenye fantasi wakiamini kazi yote ni yake. Wiki za mwanzo Irving alipata mpira mara chache kuliko White, lakini kila alipoushika alikwenda mbali zaidi. Aliyetazama jumla ya pointi aliona mtu wa akiba. Aliyetazama yadi kwa kila mbio aliona mlango unafunguka taratibu. Mwishoni alikuwa na yadi 1,122 na tachidauni 8 za kukimbia, wastani wa yadi 5.4 kila alipokimbia.

Katika hadithi hiyohiyo kuna mtego. Wiki ya 6 White alikuwa majeruhi, na mbeba mpira wa tatu, Sean Tucker, akakimbia yadi 136 dhidi ya New Orleans. Jumatano yake watu walimwaga bajeti zao za kubuni, zile pesa za mchezo za kunadia wachezaji walio huru, kumpata Tucker. White aliporudi, Tucker akarudi mwisho wa foleni, na Irving, ambaye siku ile hakutajwa sana, akaendelea kupanda. Mechi moja nzuri haimpi mtu kazi. Mtu mwenye kazi utamwona wiki baada ya wiki akiingia kwenye nyakati zilezile ngumu.

Nyakati gani? Mimi natazama tatu. Ya kwanza ni idadi ya pleyi, yaani kila shambulio moja toka mpira uanze mpaka usimame, anazokuwa uwanjani, hata zile ambazo hapewi mpira. Wiki ya 1 ya mwaka 2023, Cam Akers wa Rams alibeba mpira mara 22 akapata yadi 29 tu. Kyren Williams, kijana wa raundi ya 5 aliyepoteza sehemu kubwa ya mwaka wake wa kwanza kwa majeraha, alibeba mara chache zaidi, akapata yadi 52 na tachidauni 2, na alikaa uwanjani kwa pleyi nyingi kuliko Akers. Mtu aliyesoma jedwali la mbio tu alisema Akers bado ndiye mwenye kazi. Wiki ya 2 Akers hakuvaa hata jezi, na siku chache baadaye akauzwa, akaletwa huku kwetu Vikings. Williams alimaliza na yadi 1,144 katika mechi 12.

Ya pili ni nani anaingia wakati timu inalazimika kurusha mpira. Pale kocha anahitaji mtu wa kumkinga kwotabeki asivunjwe mbavu, na vijana wengi wenye kasi hukaa benchi kwa sababu hawajajua kazi hiyo. Ukiona chipukizi anaachwa uwanjani kwenye pleyi hizo, jua mafunzo yamekubali. Ya tatu ni nani anapewa mpira wakiwa yadi chache kutoka mstari wa goli. Tachidauni ni pointi 6, na mtu anayeaminiwa pale hula chakula ambacho wengine wamepika.

Utasikia watu wakisema tazama raundi aliyochaguliwa, maana timu haitupi mali. Kuna ukweli, ila si sheria. Kansas City walimchukua Clyde Edwards-Helaire raundi ya 1 mwaka 2020. Mwaka 2022 wakamchukua Pacheco raundi ya 7, mtu wa 251, na kabla ya msimu kwisha Pacheco ndiye aliyekuwa anakimbia, akamaliza na yadi 830. Mwaka 2020 Jacksonville walimwachia Leonard Fournette Agosti 31, siku chache kabla ya msimu, na kazi ikamwangukia James Robinson wa Illinois State, ambaye hakuna timu iliyomchagua. Mechi 14, yadi 1,070 za kukimbia. Wengi walikuwa wameshagawana wachezaji wiki moja kabla, na Robinson alikuwa amelala sokoni bila bei.

Ubaya wa chipukizi ni kwamba anakula subira yako. Unakaa naye wiki nne, tano, anakuletea pointi 4, pointi 3, na wakati huohuo wiki za mapumziko, ambazo timu ya mchezaji wako haichezi, zinaanza na unahitaji kiti. Hapo ndipo watu humwacha, wiki moja kabla ya shamba kuchanua. Kipimo changu ni hiki: ikiwa pleyi zake zinaongezeka, nakaa naye hata pointi zikiwa kidogo. Zikisimama palepale kwa wiki tatu, namwacha bila kinyongo.

Majeruhi

Huyu anahitaji muda, na watu hudhani muda ni kitu cha hakika kwa sababu kalenda inaonekana. Jonathon Brooks alichanika kano ya goti akiwa chuo cha Texas mwezi Novemba 2023. Carolina wakamchukua hata hivyo mwaka 2024, raundi ya 2, mtu wa 46. Hesabu ilionekana safi: atarudi katikati ya msimu, atachukua kazi, wewe utakuwa umemweka bure. Alirudi wiki ya 12. Wiki ya 14 goti lilelile likachanika tena. Katika miezi hiyo yote Chuba Hubbard, aliyetazamwa kama mtu wa kushika nafasi tu, alikuwa anakimbia, akafikisha yadi 1,195. Nilikuwa mmoja wa waliomweka Brooks tangu mwanzo, na mwezi wa Oktoba nilimwacha Chase Brown wa Cincinnati apite kwa sababu sikuwa na kiti. Brown alimaliza na yadi 990. Bado inaniuma.

Nick Chubb anafundisha jambo la pili. Alikuwa miongoni mwa wabeba mpira bora wa kizazi chake, akaumia goti vibaya Septemba 2023, akarudi wiki ya 7 ya mwaka 2024. Kurudi kwake kulinigusa, na kwenye mechi ile ya kwanza alifunga. Lakini katika mechi 8 alipata yadi 332, wastani wa 3.3. Kurudi uwanjani na kurudi kuwa yule wa zamani ni safari mbili.

Majeruhi ninayemtaka ni wa aina nyingine kabisa: mtu ambaye kazi ilikuwa mkononi mwake na jeraha lake ni la wiki nne. Kyren Williams wa 2023, yuleyule, aliumia kifundo cha mguu wiki ya 6. Mwenye haraka angeweza kumwachia. Wiki ya 12 alirudi dhidi ya Arizona na yadi 143 za kukimbia, pamoja na tachidauni 2 za kudaka. Hakuna aliyekuwa amekalia kiti chake.

Swali la kuuliza kabla ya lolote: ligi yenu ina nafasi maalumu ya majeruhi? Kama ipo, mweke humo, hakugharimu kitu. Kama haipo, majeruhi wa muda mrefu anakalia kiti ambacho kingeweza kuzaa.

Kuna aina ya nne, mdakaji, yule anayeingia kudaka mipira mifupi kuliko kukimbia. Ligi yenu ikitoa pointi 1 kwa kila mpira unaodakwa, huyu ni chakula cha kila wiki: James White wa New England alidaka mipira 87 mwaka 2018, na Jerick McKinnon wa Kansas City alifunga tachidauni 9 za kudaka mwaka 2022. Ila ni mtu wa kujaza pengo wiki ya mapumziko. Ligi isiyolipa kudaka, mpite.

Wakiwekwa bega kwa bega

Mrithi ana kilele kirefu na sakafu ya sifuri: nyota asipoumia hutampanga hata siku moja. Chipukizi kilele chake kinakaribia hichohicho, na njiani anaweza kukupa pointi 8 wiki ukiwa umekwama. Majeruhi wa muda mrefu ana sakafu ya sifuri kama mrithi, na kilele kifupi kuliko wote wawili. Kwa hiyo mimi naangalia kalenda.

Septemba na Oktoba nachukua chipukizi. Timu bado hazijaamua, kila wiki kuna kocha anabadilisha mawazo, na mimi nina muda wa kungoja. Kuanzia wiki ya 10 au 11 mambo yanageuka. Aliyepaswa kupanda ameshapanda. Wiki za mapumziko zinakwisha kufikia ya 14, hivyo huhitaji tena watu wa kujaza pengo, na miili imechoka. Hapo benchi langu lote linakuwa la warithi. San Francisco ilituonyesha tena, Desemba 1, 2024 kule Buffalo kwenye theluji: McCaffrey aliumia, na Mason naye akaumia katika mechi hiyohiyo. Wiki iliyofuata, chipukizi Isaac Guerendo akafunga tachidauni 2 dhidi ya Chicago. Aliyekuwa na mrithi wa mrithi aliingia mtoano na mbeba mpira mzima.

Na mrithi wa nani? Mwanzoni mwa msimu usimchukue mrithi wa nyota wako mwenyewe. Nyota wako akiumia umeshapoteza, na mrithi anakurudisha nusu ya njia tu. Chukua mrithi wa nyota wa jirani: akiumia, jirani ameshuka na wewe umepanda siku moja. Ukishafika mtoanoni, geuza. Sasa una cha kulinda, mkatie nyota wako bima.

Zach Charbonnet wa Seattle ndiye aina ninayoitafuta kila mwaka, kwa sababu alikuwa mrithi na alikuwa anapata pleyi zake hata Kenneth Walker akiwa mzima. Desemba 2024 Walker alikosa mechi na Arizona, na Charbonnet akapata yadi 134 za kukimbia, tachidauni 2, na mipira 7 ya kudaka. Ukimpata wa namna hii, usihangaike na kuchagua kati ya mrithi na chipukizi.

Kijana wa Mombasa hakuwa na wa namna hii kwenye simu yake. Alikuwa na wale watatu, ilikuwa Septemba, na ligi yetu haina nafasi ya majeruhi. Nilimwambia: mchukue chipukizi, usimtazame kwa pointi mpaka mwisho wa Oktoba, kila Jumanne hesabu pleyi zake tu. Tukifika wiki ya 11, nitafute hapahapa kantini uje na orodha ya nyota wa wapinzani wako.